Upungufu wa damu kwa mbwa aliyezaliwa na mshipa wa mchepuko kwenye ini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na wenye mbwa pale kliniki, na mengine kwa simu saa nne usiku, wakati mbwa anazunguka sebuleni bila kumtambua mtu. Mimi ni daktari wa mifugo. Mbwa wadogo wa kizungu, Maltese, Yorkshire terrier, Shih Tzu na wenzao, wanafugwa sana mijini kwetu siku hizi, na wamekuja na ugonjwa ambao wengi wetu hatukuuzoea. Maswali nimeyapa namba, kwa hiyo ruka moja kwa moja hadi kwenye lako.

## Mambo ya msingi

1. Mshipa wa mchepuko kwenye ini ni nini hasa?

Damu inayotoka kwenye tumbo, utumbo, wengu na kongosho hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa, mshipa wa lango, ukaipeleka kwanza kwenye ini. Huko husafishwa. Amonia, ambayo ni sumu inayotengenezwa zaidi na bakteria wa utumboni, hugeuzwa kuwa urea na kutoka na mkojo. Takriban robo tatu ya damu yote inayoingia kwenye ini hupitia mshipa huo.

Mbwa tunayemzungumzia amezaliwa na mshipa wa ziada unaouunganisha mshipa wa lango na mshipa mkubwa unaorudi moyoni. Damu inalikwepa ini kama lori linalopita njia ya panya ili lisifike kwenye mizani. Uchafu unafika mpaka kwenye ubongo, na ini lenyewe linabaki dogo, maana damu ya utumbo na kongosho ndiyo inayolikuza. Madaktari wenyewe kwa wenyewe huuita shanti. Hapa nitauita mchepuko.

2. Je, nilimfanyia kosa gani?

Hukumfanyia kosa lolote. Kila mtoto wa mbwa akiwa tumboni ana mchepuko wake halali, kwa sababu kondo la nyuma la mama ndilo linalomsafishia damu. Mshipa huo hujifunga katika siku chache za mwanzo wa maisha. Usipojifunga, unabaki kuwa mchepuko wa ndani ya ini, na michepuko ya ndani kwa ujumla huonekana zaidi kwa mbwa wakubwa kama Irish wolfhound, Labrador na golden retriever. Aina ya pili ni mshipa uliojiunda vibaya nje ya ini, na hiyo ndiyo ya mbwa wadogo: Yorkshire terrier, Maltese, Shih Tzu, Havanese, pug, miniature schnauzer, Cairn terrier.

Chanjo, chakula cha kwanza au kuanguka kwenye ngazi hakuleti mchepuko. Kinachohusika ni ukoo, na hilo nimelieleza kwenye swali la 21.

3. Dalili zake ni zipi?

Mbwa hakui kama ndugu zake wa uzao mmoja. Anakunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara. Anatapika leo, anaharisha kesho, anachagua chakula. Akipewa dawa ya usingizi kwa ajili ya kuhasiwa, anachelewa mno kuamka.

Dalili inayowatisha watu ni ya ubongo. Saa moja au mbili baada ya kula nyama, mbwa anakuwa kama mlevi: anayumba, anazunguka upande mmoja, anaegemeza kichwa ukutani na kubaki hapo, anagonga miguu ya meza kana kwamba haoni. Wengine wanapata kifafa. Baada ya saa kadhaa anarudi kuwa yule yule wa jana, na mwenye mbwa anaanza kujiuliza kama kweli aliona alichokiona. Mrekodi kwa simu. Video ya nusu dakika imewahi kunisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

4. Tatizo liko kwenye mshipa wa ini. Damu inapunguaje?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, wakiwemo wenzangu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Seli nyekundu hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Seli changa huendelea kugawanyika mpaka ijae himoglobini ya kutosha, na himoglobini haitengenezwi bila madini ya chuma. Chuma kikichelewa kufika, seli hugawanyika mara moja zaidi ikisubiri, na kila mgawanyiko hutoa seli ndogo kuliko ile iliyotangulia. Mwisho wake mbwa anakuwa na seli nyekundu ndogo na, mara nyingi, chache kiasi.

Mtu akisikia hivyo husema: basi chuma kimeisha mwilini. Sivyo. Ukichukua kipande kidogo cha ini la mbwa huyu na kukipaka rangi inayoonyesha chuma, unakikuta kimelundikana ndani ya seli walinzi wa ini. Ferritini, ambayo huonyesha akiba, kwa kawaida haijashuka. Kilichopungua ni chuma kinachotembea kwenye damu, pamoja na transferini, ile protini inayokibeba, ambayo hutengenezwa na ini lenyewe. Ghala limejaa mahindi, lakini malori ya kuyapeleka sokoni hayatoshi.

Kwa hiyo damu ndogo ya mbwa huyu ni alama ya ugonjwa mwingine. Karibu kila kosa la matibabu ninaloliona linaanzia pale mtu anapoitibu alama hiyo kana kwamba ndiyo ugonjwa.

## Kusoma majibu ya maabara

5. Karatasi inasema HCT 33 na MCV 54. Hiyo ni nini?

HCT ni sehemu ya damu ambayo ni seli nyekundu, kwa asilimia. Mbwa mzima mwenye afya huwa kati ya 37 na 55 hivi. MCV ni ukubwa wa wastani wa seli nyekundu moja, na kwa mbwa mzima huwa takriban 60 hadi 77, kutegemea mashine. Mbwa wako ana upungufu mdogo wa damu, na seli zake ni ndogo kuliko inavyotakiwa.

Kati ya mbwa 10 wenye mchepuko wa kuzaliwa, 6 au 7 hivi huwa na MCV iliyoshuka. Wengine HCT yao iko sawa kabisa na ni MCV pekee inayosema jambo. Ndiyo maana nawaomba watu wasitupe karatasi yenye maneno "damu ipo ya kutosha". Mstari wa MCV mara nyingi haujasomwa na mtu.

Angalia pia urea, albumini (protini kuu ya damu), kolesteroli na sukari. Zote hutengenezwa au husimamiwa na ini. Zikiwa chini kwa pamoja kwa mbwa mchanga mdogo mwenye MCV ndogo, naacha kuwaza mambo mengine na kuanza kuwaza mchepuko. Vimeng'enya vya ini, ALT na ALP, huweza kuwa juu kidogo tu, kwa hiyo usitulizwe na maneno "ini halijaharibika sana".

6. Mbona hana manjano, na fizi zake si nyeupe?

Manjano huja pale ini linaposhindwa kutoa nyongo au seli nyekundu zinapopasuka kwa wingi. Kwenye mchepuko wa kuzaliwa hayo hayatokei kwa kawaida. Mbwa mwenye macho na fizi za njano ana jambo jingine, au ana mambo mawili kwa mpigo. Fizi nazo hazipauki sana kwa sababu upungufu wenyewe ni mdogo na umekuja taratibu. Ukiona fizi nyeupe kama karatasi, nenda swali la 16 sasa hivi.

7. Huku kwetu mbwa akipungukiwa damu ni homa ya kupe. Kwa nini tusimchome sindano ya kupe tu?

Naielewa hoja hii, na mara nyingi mwenye kuisema yuko sahihi. Babesia na ehrlichia, vijidudu viwili vinavyoletwa na kupe, zipo kote Afrika Mashariki, na mbwa mwenye kupe na homa lazima apimwe. Lakini magonjwa haya hayaandiki damu kwa mwandiko mmoja.

Babesia huvunja seli nyekundu. Mbwa anakuwa na homa, fizi zinapauka haraka, mkojo unaweza kuwa wa rangi ya chai ya rangi, na baada ya siku tatu nne uboho unajibu kwa kumwaga seli changa, ambazo ni kubwa. MCV haishuki, na inaweza hata kupanda. Ehrlichia ya muda mrefu hupunguza seli za aina nyingi, hasa chembe za kugandisha damu, ila ukubwa wa seli nyekundu hubaki wa kawaida. Mchepuko hauna homa, hauleti seli changa nyingi, na seli zake ni ndogo.

Tone la damu ya ncha ya sikio, likapakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini, ni kazi ya dakika chache. Nimeshapokea mbwa aliyechomwa diminazini, ile sindano ya kupe, mara tatu katika miezi miwili, kila mara kwa kubahatisha, kwa sababu kila mara damu ilikuwa "bado ndogo". Dawa hiyo kwa mbwa ina mwanya mwembamba kati ya kutibu na kudhuru, na inapodhuru hudhuru ubongo. Kwa mbwa ambaye ubongo wake tayari unapigwa na amonia, utajuaje kilichomwangusha ni kipi?

8. Je, si safura?

Swali zuri kuliko yote, kwa sababu minyoo ya safura ndiyo inayofanana zaidi na mchepuko kwenye karatasi ya damu. Minyoo hunyonya damu kwenye utumbo, chuma kinaisha kweli, na seli zinakuwa ndogo. Watoto wa mbwa huipata hata kwa maziwa ya mama. Albumini nayo hushuka katika magonjwa yote mawili.

Natofautisha hivi. Kwanza choo: kipimwe, mayai ya minyoo yanaonekana. Pili MCHC, yaani wingi wa himoglobini ndani ya seli, ambayo kwenye safura ya muda mrefu hushuka na seli zikaonekana zimepauka katikati. Kwenye mchepuko mara nyingi iko sawa au imeshuka kidogo tu. Tatu urea, nayo ndiyo ninayoipenda kwa sababu haina gharama kubwa. Damu inayovujia utumboni humeng'enywa kama nyama, na urea huelekea kupanda. Kwenye mchepuko ini halitengenezi urea ya kutosha, kwa hiyo huwa chini.

Na kama mbwa ana yote mawili? Hutokea. Mpe dawa ya minyoo inayolingana na uzito wake, rudia damu baada ya wiki nne hadi sita. Safura ikitibiwa, MCV hupanda. Isipopanda, songa mbele hadi swali la 9.

9. Kipimo gani kinathibitisha?

Cha kuanzia ni asidi za nyongo. Mbwa hufunga kula kwa saa 12, damu inachukuliwa, anapewa chakula kidogo chenye mafuta ndani yake, kisha damu inachukuliwa tena baada ya saa 2. Cha pili kikizidi 25 kuna tatizo la ini au mishipa yake. Wenye mchepuko mara nyingi huvuka 100. Mbwa mdogo sana, wa kilo moja hivi, asifungishwe saa 12 nyumbani, sukari yake itaanguka. Mpange na daktari muda mfupi zaidi.

Amonia ni kipimo kizuri lakini kigumu kwetu. Sampuli lazima ikae kwenye barafu, izungushwe kwenye mashine na kupimwa ndani ya muda wa kama nusu saa. Ikipandishwa basi kutoka Tanga hadi Dar, jibu litakalotoka halina maana yoyote. Asidi za nyongo zinavumilia safari, na ndiyo maana nazitegemea.

Kuuona mshipa wenyewe kunahitaji altrasaundi mikononi mwa mtu aliyezoea, au CT-scan yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Ukiwa mbali na miji mikubwa, ulizia idara za tiba ya wanyama za vyuo vikuu, kama Sokoine pale Morogoro, Nairobi kwenye kampasi ya Kabete, au Makerere. Hata kama kipimo chenyewe hakipo siku hiyo, wanajua nani anacho.

## Chakula na dawa

10. Nimpe maini ili damu iongezeke?

Usimpe. Tafadhali sana.

Mama mmoja alinijia amembeba Yorkshire wake ndani ya kanga, mkononi ana kibakuli cha plastiki chenye maini ya kuku yaliyochemshwa na kukatwakatwa vizuri, bila chumvi. Alikuwa ameambiwa damu ya mbwa ni ndogo, akafanya ambacho mama yeyote wa kwetu angefanya. Wiki tatu, asubuhi na jioni. Mbwa alikuwa anayapenda kuliko chakula kingine chochote, na kila akimaliza bakuli alikwenda nyuma ya friji, akaweka paji la uso ukutani na kusimama. Mama alidhani anajificha kwa sababu ya homa.

Maini yana protini nyingi ya aina inayotoa amonia kwa wingi, na yana purini ambazo ini lisilofanya kazi vizuri linashindwa kuzimaliza, zikaishia kuwa mawe ya kibofu. Chuma kilichomo ndani yake kinakwenda kulundikana kule kule kwenye ghala lililojaa (swali la 4). Tulipoyaacha maini, kuta ziliachwa ndani ya siku nne. Damu ilibaki ndogo vile vile, kama tulivyotarajia, lakini mbwa alikuwa anamtambua mama yake.

11. Na vidonge vya chuma, au ile sharubati ya kuongeza damu?

Hapana, isipokuwa vipimo vimeonyesha kuwa chuma kimepotea kweli, kwa mfano kwa safura au kidonda cha tumbo. Chuma cha mdomoni huchubua tumbo na huweza kufunga choo, na choo kikikaa muda mrefu utumboni amonia nyingi zaidi hunyonywa. Sharubati za binadamu zina hatari ya ziada: baadhi zimetiwa utamu wa zailitoli, ambayo huiporomosha sukari ya mbwa na kuua ini lake. Soma lebo ya kila dawa ya maji, hata ya kifafa.

12. Sasa ale nini?

Protini ya wastani, yenye ubora, kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Mayai, maziwa ya mtindi, jibini laini na soya huvumiliwa vizuri kuliko nyama nyekundu, dagaa au utumbo. Wali laini, viazi au ugali viwe nguvu yake. Kama unaweza kupata chakula maalumu cha mbwa wenye ugonjwa wa ini, ni bora, kwa sababu kimekamilishwa vitamini na madini.

Kosa la upande wa pili ni kumnyima protini kabisa. Nimeona mbwa akilishwa ugali mtupu na mafuta ya kupikia kwa miezi miwili kwa sababu mtu aliambiwa "protini ni sumu". Misuli nayo husaidia kuondoa amonia, na mbwa akianza kuila misuli yake mwenyewe hali inazidi kuwa mbaya. Albumini inaanguka, uboho unakosa vifaa, damu inapungua zaidi. Mbwa mchanga anayekua anahitaji protini zaidi ya mbwa mzima. Punguza tu kwa kiwango ambacho dalili za ubongo zinakulazimisha.

Na kwa mbwa yeyote, mwenye mchepuko au asiye nao: usimpe mabaki ya pilau au mchuzi wenye vitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu huvunja seli nyekundu za mbwa.

13. Laktulozi ni dawa ya choo kigumu. Mbwa wangu hana shida hiyo, kwa nini apewe?

Kwa sababu kazi yake hapa ni nyingine. Bakteria wa utumbo mpana huimeng'enya na kuufanya utumbo uwe na asidi, amonia inageuka umbo lisilopenya kuingia kwenye damu, na choo kinaondoka nayo. Kipimo kinapangwa kwa kuangalia choo: mara mbili au tatu kwa siku, laini lakini si maji. Akiharisha, punguza, maana kukaukiwa maji nako huamsha dalili. Metronidazoli au amoksilini hutolewa pamoja nayo kupunguza bakteria, ila metronidazoli kwa dozi ya chini kuliko ya kawaida, kwa sababu ini ndilo linaloiondoa.

Dawa hizi humtuliza mbwa. MCV hazipandishi, na daktari akikuambia "dawa hazifanyi kazi, damu haijapanda", mkumbushe kwa heshima kwamba hazikukusudiwa kuipandisha.

## Kuongezewa damu na upasuaji

14. Anahitaji kuongezewa damu?

Kwa upungufu wa mchepuko peke yake, karibu kamwe. HCT ya 30 iliyokuja taratibu, mbwa anaishi nayo bila kuhema.

Ikilazimu, kwa sababu anavuja damu au anaingia kwenye upasuaji akiwa chini sana, damu iwe mbichi, iliyotolewa siku hiyo hiyo. Damu iliyohifadhiwa hujilimbikizia amonia kadiri inavyokaa, na wewe unajaribu kuishusha. Mbwa wa kutoa awe mkubwa, mwenye afya, na amepimwa magonjwa ya kupe kabla. Huku kwetu hilo halina mjadala. Kwa makadirio, mililita 2 za damu nzima kwa kila kilo ya mpokeaji hupandisha HCT kwa asilimia 1.

15. Upasuaji ukifanyika, damu itarudi?

Ndiyo, kwa mbwa wengi, na hilo ndilo linalonifurahisha zaidi katika ugonjwa huu. Mshipa wa nje ya ini hufungwa polepole, kwa pete yenye kasini inayovimba taratibu kwa wiki kadhaa, au kwa ukanda wa selofani unaosababisha kovu. Polepole kwa sababu ini dogo haliwezi kupokea mafuriko ghafla. Shinikizo kwenye mshipa wa lango likipanda kwa kishindo, mbwa anaweza kufa. Michepuko ya ndani ya ini ni migumu zaidi kwa kisu, na katika hospitali chache kubwa za nje huzibwa kwa koili ndogo zinazopitishwa ndani ya mshipa.

Seli nyekundu ya mbwa huishi siku 100 hadi 120, kwa hiyo usipime damu wiki ya pili ukakata tamaa. Pima mwezi wa tatu. MCV iliyorudi kawaida, pamoja na albumini na urea zilizopanda, ni habari njema hata kama asidi za nyongo bado ziko juu kidogo. MCV ikibaki ndogo, mshipa haujaziba sawasawa au michepuko mingine imefunguka.

Siku tatu za kwanza baada ya upasuaji ni za kukesha: baadhi hupata kifafa hata kama amonia iko sawa. Uliza kabla ya kulipa kama kuna mtu anayebaki na mbwa usiku.

Na kama sina uwezo wa upasuaji?

Mtunze kwa chakula na dawa, bila kujilaumu. Nitasema ukweli wa namba pia. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 1998 ulifuatilia mbwa 27 waliotibiwa hivyo bila upasuaji. Kidogo zaidi ya nusu ilibidi wapumzishwe, yaani wauawe bila maumivu, wengi wao ndani ya mwaka wa kwanza, na kama theluthi moja waliishi vizuri kwa muda mrefu. Waliogunduliwa wakiwa na umri mkubwa zaidi walikuwa na bahati zaidi.

## Hali zisizo za kawaida

16. Fizi zimekuwa nyeupe ghafla na choo ni cheusi kama lami. Nifanye nini?

Nenda kliniki sasa, usisubiri asubuhi. Choo cheusi chenye kunata ni damu iliyomeng'enywa, na kidonda cha tumbo au utumbo hutokea kwa mbwa wenye mchepuko, hasa wa ndani ya ini. Damu hiyo ni protini, kwa hiyo mbwa anapoteza damu na wakati huo huo amonia inapanda. Ndiyo maana anaweza kuja anavuja na amelewa kwa pamoja.

Wenye mchepuko wa ndani ya ini wengi huwekwa kwenye omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, maisha yote, hata baada ya mshipa kuzibwa. Usimpe dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, hata kipande.

17. Mbwa wangu ni Akita, MCV yake ni 57. Ana mchepuko?

Huenda hana lolote. Akita, Shiba na baadhi ya mbwa wa asili ya Asia ya Mashariki wana seli ndogo kwa maumbile. Kama anakula, anakua, na albumini na urea ziko sawa, mwache.

18. Ana wiki nane na HCT ni 29.

Umri wenyewe unaeleza sehemu kubwa. Watoto wa mbwa huwa na HCT ya chini katika miezi ya kwanza na hupanda wakikaribia nusu mwaka. Seli zao wakizaliwa ni kubwa kuliko za mbwa mzima, kwa hiyo MCV iliyo ndogo katika umri huo ina uzito zaidi kuliko HCT. Mtibu minyoo na viroboto, kisha rudia.

19. MCV ni ya kawaida kabisa. Basi hana?

Si lazima. Mbwa 3 au 4 katika 10 wenye mchepuko hawana seli ndogo. Kuna pia ugonjwa wa jamaa yake, ambapo mishipa midogo ndani ya ini haikuumbika vizuri bila kuwepo mshipa mmoja mkubwa. Hupatikana kwa mbwa wale wale wadogo, asidi za nyongo hupanda kiasi, na damu kwa kawaida haijaguswa. Hao wengi hawahitaji kisu. Kwa hiyo MCV ya kawaida na asidi za nyongo zilizopanda kidogo ni sababu ya kutulia na kutafuta picha nzuri kabla ya kukubali upasuaji.

20. Ana miaka saba, ndiyo kwanza amepatikana na mawe ya kibofu na damu ndogo. Inawezekana?

Inawezekana. Mshipa ukiwa unapitisha damu kidogo, mbwa anaweza kuzeeka bila dalili za ubongo, na kinachomfichua ni mawe ya amonia urati. Mawe hayo mara nyingi hayaonekani vizuri kwenye eksirei ya kawaida, hivyo omba altrasaundi. Kabla ya kusema ni wa kuzaliwa, daktari ahakikishe si ini lililojaa makovu likajitengenezea michepuko mingi midogo. Tumbo lililojaa maji linaelekeza huko, na michepuko ya aina hiyo haifungwi.

Je, dawa za kupe anaruhusiwa?

Anaruhusiwa, na anazihitaji, kwa sababu babesia juu ya mchepuko ni msiba. Kama amewahi kupata kifafa, mwambie daktari kabla ya kutumia vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki stoo usiitumie kwa mbwa huyu hata kwa kuipunguza makali.

21. Naweza kumzalisha akipona?

Hapana. Mshipa uliozibwa haubadilishi urithi anaoubeba. Mhasi, ikiwezekana katika upasuaji ule ule wa kuziba mshipa ili asipewe dawa ya usingizi mara mbili. Mwambie pia uliyemnunua kwake, kwa upole na kwa maandishi, ukiambatisha majibu, maana wazazi hao hao huenda watapandishwa tena msimu ujao. Na kama unajua ndugu wa uzao mmoja wako kwa nani, wapigie simu wenye mbwa hao. Asidi za nyongo kwa kila mmoja, mara moja, kabla ya kuhasiwa. Kwenye uzao mmoja niliofuatilia, wa pili alipatikana hivyo hivyo, akiwa bado anacheza, HCT yake 39 na MCV 56.